Gari Linalozima Mwendoni na Jibu la "Likizima Tena, Lilete"

Mtu yeyote aliyenunua gari katika yadi za Arusha au Moshi, kisha gari hilo likaanza kukata moto lenyewe likiwa katika mwendo, analijua jibu hili: "Likizima tena, lilete tulione." Hutolewa kwa upole, aghalabu na mtu yule yule aliyemkaribisha mteja kwa soda baridi siku ya malipo, na kwa msikilizaji mwenye haraka linaweza kuonekana kuwa jibu la busara. Lakini maana yake ni kwamba mnunuzi aendelee kuliendesha gari ambalo limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kuzima mbele ya lori la mizigo, mpaka itokee siku litakapozima karibu na yadi, katika saa za kazi, fundi wao akiwa hajatoka. Ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba jibu hilo ni kosa kiufundi, ni dhuluma kwa mteja, na linaweza kuua.

Ninaishi Moshi na kazi yangu ya ualimu iko upande wa Arusha. Barabara inayounganisha miji hii miwili ina urefu wa takribani kilomita 80, na wanaoitumia mara kwa mara wanajua kwamba si barabara ya kuzimiwa na gari. Kutoka Moshi unavuka Weruweru, unateremka hadi daraja la Kikafu kwenye kona na mteremko ambao ajali zake zinafahamika na kila dereva wa huku, unapanda kuelekea Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, unapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, kisha Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru. Ukiondoa kipande kilichopanuliwa kuanzia Tengeru kuingia mjini Arusha, sehemu kubwa ya safari ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Malori yanayoelekea Holili na Namanga, Coaster za abiria zinazowahi muda, bodaboda, na wafugaji wanaovusha mifugo wote wanagawana lami hiyo hiyo.

Gari langu nililinunua katika yadi moja ya Arusha. Ni gari dogo lililotumika Japani, lenye injini ya lita 1.5 na gia za otomatiki. Kabla ya kulipa nilizunguka nalo mjini, na fundi ninayemwamini alilikagua: alitazama oili, akasikiliza injini ikiwa imetulia na ikiwa imekanyagwa, akaingia chini kuangalia kama kuna mvujo, akaridhika. Halikuonyesha dalili yoyote, na sidhani kwamba ukaguzi wa namna hiyo ungeweza kuionyesha, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Mara ya kwanza lilizima nikiwa napanda kutoka Kikafu, saa nane mchana, jua likiwa kali. Halikukohoa wala kupungua nguvu kwanza. Mshale wa mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri kwa mara moja huku mshale wa mwendo ukionyesha kwamba gari bado linakwenda, taa za betri, za oili na ya cheki injini zikawaka kwa pamoja, usukani ukawa mzito mikononi, na nyuma yangu kulikuwa na lori lililokuwa limekusanya kasi kwenye mteremko ili liupande mlima bila kubadili gia nyingi. Nililielekeza gari pembeni kwa mwendo uliokuwa umebaki, na lori likapita likipiga honi ndefu. Baada ya nusu saa hivi nilizungusha ufunguo, injini ikawaka kwa kuguswa tu, nikafika Arusha bila tatizo jingine lolote.

Tangu hapo tabia yake ikawa hiyo. Asubuhi ya baridi lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Mchana wa joto, hasa baada ya kupanda kwa muda mrefu, lilizima. Nililirudisha yadi, wakaliwasha, wakaliacha likiunguruma huku tukinywa chai, wakalizungusha mpaka Kijenge na kurudi. Halikuzima. "Mwalimu, gari hili halina shida," aliniambia msimamizi. "Utakuwa umeweka mafuta mabaya njiani. Likizima tena, lilete tulione."

Hoja ya mafuta mabaya inastahili kujibiwa kwa uangalifu, kwa kuwa ina historia. Kuna kipindi uchakachuaji wa mafuta ulikuwa tatizo kubwa hapa nchini, mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli au petroli kwa sababu yalitozwa ushuru mdogo. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianzisha uwekaji wa vinasaba, yaani kemikali za kutambulisha, katika mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Madereva wa umri wangu wanazikumbuka siku hizo, na ndiyo maana lawama juu ya kituo cha mafuta huaminika upesi. Hata hivyo mafuta mabaya yana dalili zake. Injini iliyolishwa mafuta machafu au yaliyochanganywa huwaka kwa shida, hutetemeka, hukosa nguvu mlimani, hutoa moshi, na hufanya hivyo asubuhi na mchana. Haiendi vizuri kwa saa nzima, kisha ikakata moto kwa sekunde moja, kisha ikapona yenyewe baada ya kupoa. Aliyenipa jibu lile aliulizwa juu ya hitilafu yenye sura moja, akajibu juu ya hitilafu yenye sura nyingine, na pamoja na hayo yadi ikanisafishia nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta vya injini, ili ionekane kwamba kuna kitu kimefanyika.

Aliyenisaidia ni fundi wa umeme wa magari hapa Moshi, mzee ambaye nimezoea kumwita Baba. Hakuanza kwa kufungua chochote. Aliniuliza maswali, na maswali yake yalinifundisha zaidi ya yote niliyoyasikia kwingine. Je, gari lilikohoa kabla ya kuzima au lilikatika ghafla? Mshale wa mizunguko ulishuka taratibu pamoja na mwendo, au ulianguka peke yake? Taa za dashibodi ziliwaka, au kila kitu kilikufa? Lilichukua muda gani kuwaka tena? Kila jibu linaelekeza mahali tofauti. Gari linalokohoa na kuvuta kwa shida kabla ya kuzima kwa kawaida linakosa mafuta: pampu iliyochoka ndani ya tangi, chujio lililoziba, au relei ya pampu. Gari ambalo kila kitu kinakufa, taa na redio pamoja, linakosa umeme: vichwa vya betri vilivyolegea, waya wa ardhi uliooza, au swichi ya kuwashia. Gari linalozima pale tu unapopunguza mwendo kuingia kwenye mzunguko wa barabara au kwenye tuta mara nyingi lina uchafu kwenye mlango wa hewa ya injini, au vali ya mzunguko wa chini imekwama. Na gari ambalo mshale wa mizunguko unaanguka hadi sifuri likiwa bado linakwenda, taa zikiwa zinawaka, likikataa kuwaka likiwa la moto na likikubali likipoa, fundi mzuri huanza kuishuku sensa ya krenki.

Kazi ya sensa hiyo ni kuiambia kompyuta ya gari mahali ilipo krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, katika kila mzunguko. Husoma meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na krenki, na kutokana na hesabu hiyo kompyuta hujua wakati wa kuwasha plagi na wakati wa kufungua nozeli. Ikipotea ishara yake, kompyuta haijui pistoni ziko wapi, na kwa hiyo hukata moto na mafuta kwa pamoja. Ndani ya sensa kuna nyaya nyembamba au kijisehemu cha elektroniki, na umri pamoja na joto la injini hupasua viungo vyake vidogo. Vikipanuka kwa joto, ishara hukatika. Vikipoa hurudi kugusana, nayo injini huwaka. Namba ya hitilafu ambayo mashine ya kupimia huionyesha kwa kawaida ni P0335, lakini si kila mara kompyuta huwahi kuihifadhi, na kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui: mtu akichomoa kichwa cha betri, katika magari mengi kumbukumbu ya hitilafu hufutika. Mimi niliona kichwa cha betri ya gari langu kikichomolewa pale yadi "ili kompyuta ijipange upya", na baada ya hapo mashine ikaunganishwa, na nikaonyeshwa kwa ushahidi wa kioo kwamba gari halina hitilafu hata moja.

Baba alifanya jambo ambalo yadi ingeweza kulifanya siku ya kwanza. Aliliwasha gari likiwa limesimama chini ya mti, akaazima drayer ya kukaushia nywele katika saluni ya jirani, akaielekeza kwenye sensa. Injini ikazima. Akaipoza sensa kwa kitambaa chenye maji, ikawaka. Akarudia, ikazima tena, huku nikirekodi video kwa simu, kioo cha mashine ya kupimia kikionekana. "Mwalimu, ugonjwa wa joto unatafutwa kwa joto," alisema, akaizima drayer.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo jibu la "likizima tena, lilete" linapoonekana kuwa kosa la kiufundi. Hitilafu inayokuja na kuondoka haihitaji kusubiriwa. Inaweza kuchokozwa: kwa kuipasha joto, kwa kutikisa nyaya na soketi injini ikiwa inaunguruma, kwa kupima msukumo wa mafuta gari likiwa linapanda mlima, kwa kuliacha gari na kifaa kinachorekodi ishara wakati wa safari halisi. Gereji inayolizungusha gari mjini asubuhi na kutangaza kwamba ni zima haijafanya uchunguzi wowote, nalo gari kukataa kuzima mbele ya msimamizi hakuthibitishi chochote zaidi ya kwamba asubuhi ile halikuzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaokilalia kitanda hiki ni mnunuzi na abiria wake.

Kwa wale ambao gari linawafanyia hivi sasa, kabla hata ya kubishana na muuzaji: injini ikizima ukiwa katika mwendo, usichomoe ufunguo, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga. Usukani unaosaidiwa na pampu inayozungushwa na injini utakuwa mzito, lakini bado unakata kona ukiushika kwa mikono miwili. Breki nazo zitakuwa na msaada uliobaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa hiyo kanyaga kwa uthabiti na uendelee kukandamiza, usipige piga. Washa hazadi, weka gia kwenye N, jaribu kuwasha kama kuna nafasi, na kama haiwaki tumia mwendo uliopo kutoka nje ya lami. Pembetatu za reflekta ziwekwe mbali nyuma ya gari, hasa kwenye kona, kwa maana dereva wa lori hawezi kusimama ndani ya hatua chache.

Mfano ninaourudia kila ninapobishana juu ya jambo hili ni wa kampuni ya General Motors ya Marekani. Februari 2014 kampuni hiyo ilianza kuyaita magari kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya swichi ya kuwashia. Kibanio cha ndani ya swichi kilikuwa legevu kuliko kipimo kilichotakiwa, kiasi kwamba uzito wa funguo nyingi au goti la dereva liliweza kuurudisha ufunguo nyuma. Injini ikazima, usukani na breki zikapoteza msaada, na mifuko ya hewa ikakosa kufunguka ajali ilipotokea. Malalamiko ya wateja yalikuwa yameanza karibu miaka kumi nyuma. Mwaka 2005 wauzaji wa kampuni walipelekewa waraka wa kuwashauri wateja waondoe vitu vizito kwenye vishikio vya funguo. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Anton Valukas, ambao ripoti yake ilitolewa Juni 2014, ulionyesha kwamba ndani ya kampuni injini kuzima mwendoni kuliwekwa katika fungu la usumbufu kwa mteja, wala si katika fungu la usalama. Mfuko wa fidia hatimaye ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai.

Mmoja wa waliofariki alikuwa muuguzi wa jimbo la Georgia, mwaka 2010. Muda mfupi kabla ya ajali alikuwa amelipeleka gari lake kwa muuzaji akieleza kwamba limemzimikia njiani. Walisafisha mfumo wa mafuta, wakamrudishia. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka nozeli zangu zilizosafishwa, na nikakaa kimya kwa muda. Wazazi wake hawakukubali maelezo kwamba binti yao alikuwa amekosea kuendesha. Mhandisi aliyeajiriwa na wakili wao alifungua swichi ya gari la marehemu na swichi mpya yenye namba ile ile ya kipuri, akakuta hazifanani: swichi ilikuwa imeboreshwa bila namba kubadilishwa, na kwa hiyo bila mtu wa nje kujua. Ukweli huo ulipatikana kwa sababu familia moja ilidai kitu kiangaliwe, badala ya kungoja kizime tena.

Sitaki nieleweke kwamba ninazilinganisha yadi zetu na kampuni ile. Mwenye yadi wa Arusha naye amenunua gari kwenye mnada wa mbali, kwa picha na karatasi ya mnada ambayo huandika zaidi hali ya bodi, ya ndani na kilomita zilizotembewa. Hakuna anayelipandisha gari la mnada mlima wa Kikafu saa nane mchana. Ninawafahamu wenye yadi wanaopokea simu, wanaomtuma fundi mpaka Himo kwa gharama zao, na wanaobadilisha kipuri bila kelele. Ninachokikataa ni mpangilio unaomfanya mnunuzi abebe peke yake hatari ya hitilafu ambayo hakuitengeneza, na kisha abebe pia mzigo wa kuithibitisha.

Mzigo huo hubebeshwa kwa maneno madogo ya mkataba. Wangu uliandika waranti ya miezi mitatu kwa "injini na giaboksi". Nilipopeleka video ya drayer, jibu lilibadilika: hitilafu sasa imekubaliwa, lakini sensa ya krenki, nikaambiwa, ni umeme, si injini. Ningependa kila mnunuzi alitafakari jibu hilo kabla hajasaini karatasi yake. Sensa imefungwa kwenye injini, inasoma krenki ya injini, na bila yake injini haiwaki. Ikiwa maneno "waranti ya injini" hayakihusu kifaa ambacho bila hicho injini haiwezi kufanya kazi, basi kilichouzwa pamoja na gari ni ahadi juu ya chuma peke yake. Ombeni orodha. Pampu ya mafuta imo? Koili zimo? Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imo? Sensa zimo? Gharama ya kulivuta gari kutoka Kwa Sadala mpaka yadi ni ya nani? Muuzaji mkweli atajibu kwa kalamu.

Sheria yetu haijakaa kimya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba bidhaa inayouzwa na mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Na pale ambapo mnunuzi ameikagua, muuzaji anapona kwa zile kasoro tu ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Sensa inayokufa kwa joto si kasoro inayofichuliwa kwa kuzunguka mjini na kutazama oili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, yaani FCC, inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja. Tatizo ni kwamba sheria ya mauzo inaruhusu pande mbili zikubaliane vinginevyo, na ndiyo maana yale maneno "gari limeuzwa kama lilivyo", yanayochapwa chini ya mkataba kwa herufi ndogo, yana uzito kuliko yanavyoonekana. Pia bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mkataba unaotaja namba ya chasisi, mlalamikaji huanza kwa kuhangaika kuonyesha kwamba aliuziwa gari hilo na yadi hiyo.

Ninaiangalia kwa wivu sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 ya haki za walaji. Mtu anayenunua gari kwa mfanyabiashara, hata gari lililotumika, ana siku 30 za kulikataa na kudai fedha zake ikiwa lina kasoro. Na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kwamba ilikuwapo siku ya makabidhiano isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Ona mzigo wa uthibitisho umewekwa kwa nani: kwa mwenye gereji, mwenye mashine ya kupimia, mwenye mafundi. Sioni kwa nini chama cha wauza magari cha mji wowote wa kwetu kisijiwekee utaratibu kama huo kwa hiari, hata kwa siku 30 peke yake, kabla Bunge halijaletewa muswada.

Kuna upungufu mwingine unaotuumiza sisi wanunuzi wa magari yaliyotumika. Mtengenezaji anapogundua kasoro, humwandikia mmiliki aliyesajiliwa katika nchi ile. Gari likishafutwa kwenye usajili wa Japani na kupandishwa melini, barua haina pa kwenda. Wakati huo huo, kasoro za kuzima mwendoni ni miongoni mwa zilizosababisha miito mikubwa kabisa. Agosti 2010 Toyota iliyaita magari ya Corolla na Matrix yapatayo milioni 1.13 ya Marekani na Kanada, ya miaka 2005 hadi 2008, kwa sababu kompyuta ya injini iliweza kupasuka viungo vyake na kuizima injini njiani. Mwaka 2020 Toyota hiyo hiyo iliita magari milioni kadhaa duniani kwa sababu ya pampu za mafuta zilizotengenezwa na Denso, ambazo panga lake la plastiki liliweza kuvimba kwa mafuta na kupasuka mpaka pampu isimame. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Honda iliita zaidi ya milioni 2 nchini Marekani kwa kasoro ya pampu ya aina hiyo. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam sasa.

Tovuti za watengenezaji wa Japani zina ukurasa ambao ukiingiza namba ya chasisi unaonyeshwa kama gari hilo liliwahi kuitwa, na kama kazi ilifanyika. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini tafsiri ya simu inatosha kuusoma. Namba hiyo imo katika cheti cha usafirishaji ambacho kila yadi inacho, na kazi yote haichukui muda mrefu kuliko kumwandikia mteja risiti. Jirani yangu mmoja aliambiwa na yadi yake kwamba hizo ni habari za Wajapani, hazituhusu. Pampu iliyovimba haijui imefika Tanzania.

Katika shauri langu, baada ya video nilipeleka barua ya maandishi yenye nambari ya chasisi, tarehe na mahali gari lilipozima, hali ya hewa, na maelezo ya fundi yaliyosainiwa, nikabakiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua ilifanya ambacho simu zote hazikuwa zimefanya. Mwenye yadi mwenyewe, ambaye sikuwahi kumwona, alinipigia, akaniita dada, akaomba radhi kwa usumbufu. Nilimwambia kwamba sikubali jambo hili liitwe usumbufu, na nikamweleza habari ya lori la Kikafu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Amelipia sensa mpya halisi na kazi ya fundi. Gharama ya bredauni, yaani gari la kuvuta magari mabovu, iliyonivuta siku moja kutoka Boma Ng'ombe amesema haimo katika waranti, na hilo bado tunaandikiana. Nimemwomba pia kwa maandishi mambo mawili kwa wateja watakaofuata: namba ya chasisi itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla gari halijawekwa bei, na matokeo yachapwe na kubandikwa kwenye kioo pamoja na mwaka na kilomita, na gari lolote litakalorudishwa kwa kuzima mwendoni lisirudishwe kwa mteja mpaka limepimwa likiwa la moto, barabarani, likipanda. La kwanza amelikubali kwa magari yatakayofika kuanzia sasa. La pili amesema atazungumza na fundi wake, nami nimemwomba anipe namba ya huyo fundi, ili Baba aende kumwonyesha namna ya kutumia ile drayer.